Bondia anayekata pumzi kwenye sparingi tu: uchambuzi wa kisa

Kwenye begi la kupigia ngumi anapiga raundi nane za dakika tatu bila kulalamika. Kwenye pedi, zile anazovaa kocha mikononi ili zipigwe, kocha ndiye anayeomba poo. Mpandishe ulingoni afanye sparingi, yaani pambano la mazoezi, na mwenzake, na dakika ya pili haijaisha mikono imeshuka, mdomo u wazi, miguu imeganda. Raundi ya pili yote inakuwa ya kupigwa.

Kila jimu ya ngumi ina mtu wa namna hii, na karibu kila jimu humpa dawa ileile: akimbie zaidi. Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha mfano, kimejengwa kutokana na hali hiyo inayojirudia. Namba zake zimewekwa ili hesabu ifuatike.

Mhusika ni mwanaume wa miaka 27, kilo 72, ana miezi tisa ya ngumi na anafanya mazoezi mara nne kwa wiki. Mapigo ya moyo wake akiwa amepumzika ni 58 kwa dakika. Kilomita 5 anazimaliza kwa dakika 24. Sparingi hufanyika Jumamosi: raundi tatu za dakika mbili, pumziko dakika moja, glovu za aunsi 16, kofia ya kinga na kinga ya meno. Video ya simu iliyowekwa kwenye kona inaonyesha mikono yake ikishuka chini ya kidevu kwenye sekunde ya 100 ya raundi ya kwanza.

Dawa ya kwanza

Kocha alisema kinachosemwa na wengi: hana pumzi. Kwa wiki tano akaongezewa mbio za kilomita 8 mara tatu kwa wiki, juu ya mazoezi ya kawaida. Akishindwa kwenye sparingi, alimalizia kwa kulala chini na kuruka mara 50. Tena akapangiwa mwenzake mzito kwa kilo 9 na mzoefu zaidi, eti azoee.

Baada ya wiki tano kilomita 5 zimeshuka hadi dakika 23. Kwenye sparingi, mikono sasa inashuka sekunde ya 80. Jumamosi ameanza kuchelewa, na mara mbili ametoa udhuru wa kifundo cha mguu.

Mambo hayo yakiwekwa pamoja, dhana ya pumzi inaanza kuvuja. Moyo na mapafu vimeimarika, na tatizo limekua. Mbio ndefu zina kazi yake kwa bondia, hasa ya kumrudisha haraka katika lile pumziko la dakika moja, lakini huyu alikuwa nazo za kutosha tangu mwanzo. Kilichoongezeka ni uchovu wa jumla, pamoja na funzo moja ambalo hakuna aliyelikusudia: kwamba Jumamosi ni siku ya kuumizwa, kisha kuadhibiwa kwa kuumizwa.

Kabla ya kuilaumu akili, mwili uulizwe kwanza. Kifua kinachobana au kupiga mluzi, kikohozi kinachozidi dakika tano hadi kumi baada ya kuacha mazoezi, maumivu ya kifua, kuzimia, moyo kudunda bila mpangilio: lolote kati ya haya linampeleka mtu kwa daktari, na sparingi inasimama. Vivyo hivyo kwa kichwa kinachouma, kizunguzungu, kichefuchefu au kuchanganyikiwa baada ya kupigwa. Huyo harudi ulingoni siku hiyo hata akisema yuko sawa, na mazoezi ya kugusana hayaanzi upya mpaka dalili ziishe na daktari aridhie. Mhusika wetu hakuwa na dalili hizo. Na mtu anayemaliza raundi nane kwenye begi bila shida, pumu ya mazoezi ingekuwa imeshamuumbua hukohuko.

Majaribio matatu

Hapa ndipo kisa kinapopata jibu, na hakihitaji maabara. Inatosha mkanda wa kupima mapigo ya moyo, saa na video.

Jaribio la kwanza: pedi kwa kasi ya pambano. Kocha anaita ngumi 60 kwa dakika, anamlazimisha kuzunguka na kukwepa, raundi tatu za dakika mbili. Mhusika anamaliza zote. Mapigo yanafika 172, na sekunde 60 za pumziko zinayashusha hadi 135. Huyu ana pumzi.

Jaribio la pili: sparingi nyepesi na mtu mdogo kwake, ngumi ya mkono wa mbele peke yake, kwa pande zote mbili. Mapigo yanafika 170. Lakini ukihesabu kwenye video, amerusha ngumi 21 tu kwa dakika. Yaani kwa theluthi ya kazi moyo umelipa bei ileile. Zaidi ya hapo, mkanda ulionyesha 131 akiwa bado amesimama kwenye kona, kengele haijagonga. Kabla ya raundi za begi huwa 85.

Jaribio la tatu ndilo la uamuzi. Mwenzake ni yuleyule, ulingo uleule, lakini safari hii mwenzake haruhusiwi kurusha ngumi. Anazunguka, anakinga, anasogea mbele kumbana. Mhusika anamaliza raundi tatu kwa ngumi 48 kwa dakika, mikono iko juu mpaka mwisho. Kilichobadilika ni kimoja: hakuna ngumi inayokuja. Kumbe kinachommaliza ni kule kuisubiri ngumi ya mwenzake.

Mnyororo wenyewe

Video ikipunguzwa kasi, mambo yanaonekana kwa mpangilio. Glovu ya mwenzake ikitikisika tu, mabega ya mhusika yanapanda kuelekea masikioni. Ngumi zake zinakunjwa kwa nguvu ndani ya glovu; utaijua kwa jinsi mkono wa chini unavyokakamaa na glovu kutetemeka. Kifua kinavuta hewa na kuifungia. Macho yanafumba, kichwa kinageukia pembeni. Ngumi inapita au inagusa, kisha anavuta hewa nyingine juu ya ile ambayo hajaitoa.

Hilo la mwisho ndilo linaloleta hisia ya kukosa hewa. Mapafu yake yamejaa. Anatweta kwa sababu hana pa kuweka hewa mpya, na kila akihisi anakosa hewa anazidi kuvuta. Kocha aliyekuwa akipiga kelele "vuta pumzi!" kutoka kona alikuwa anaongeza tatizo. Amri sahihi ni "toa".

Misuli nayo ina deni lake. Msuli unaokaza na kubaki umekaza hubana mishipa ya damu iliyomo ndani yake. Damu haiingii vizuri na mabaki ya kazi hayatoki. Msuli unaokaza na kulegea kwa zamu hupata nafasi ya kulishwa. Anayetaka kulihisi asimame na mikono kwenye kinga kwa dakika mbili akiwa amekunja ngumi kwa nguvu zote, apumzike, kisha arudie akiwa amekunja vidole kwa ulegevu tu. Mabega yatatoa jibu lenyewe. Mhusika alikuwa anafanya zoezi hilo la kwanza kwa raundi nzima, na juu yake anapigana.

Kuhusu gharama ya ngumi moja, kuna pambano linalojulikana na wengi. Tarehe 30 Oktoba 1974 mjini Kinshasa, bingwa wa dunia George Foreman alipanda ulingoni akiwa na mapambano 40 bila kupoteza, 37 kwa nokauti, na katika manane ya mwisho hakuna mpinzani aliyevuka raundi ya pili. Muhammad Ali akaegemea kamba, akafunika uso, akamwacha amwage ngumi nzito nzito juu ya glovu, mikono na mbavu. Raundi ya nane Foreman aliyekwenda chini alikuwa amejichosha mwenyewe. Hakuna atakayesema Foreman hakufanya mazoezi. Ngumi zake karibu zote zilibeba uzito wote, kwa kasi aliyozoea kuitumia dakika chache. Sababu yake ni tofauti na ya mhusika wetu, lakini hesabu ni ileile: kinachotazamwa ni bei ya kila tendo, kabla ya ukubwa wa akiba.

Kitu kidogo kilichokuwa mdomoni

Katikati ya uchunguzi ilibainika kinga yake ya meno ni ile ya kuchemsha na kung'ata, na hakuwahi kuichemsha. Aliitoa kwenye pakiti akaivaa. Kinga isiyoshika hukaa mahali pake kwa kung'atwa, na anayeng'ata raundi nzima amekaza taya, shingo na mabega, na amefunga mlango mmoja wa hewa. Jaribio lake ni jepesi: vaa, fungua mdomo wazi, tikisa kichwa. Ikianguka, haifai.

Iliwekwa kwenye maji ya moto kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, ikachovywa kidogo kwenye maji baridi ili isiunguze, ikabanwa kwenye meno ya juu kwa vidole na midomo huku akinyonya maji na hewa vitoke. Makocha wengi hulipita jambo hili kwa sababu halionekani kwenye kona. Sekunde za mikono kushuka zilirudi kutoka 80 hadi 95 kwa kinga ya meno pekee.

Kuipanga ngumi kwa dozi

Mpango ulianza kwa kufuta sparingi kabisa kwa wiki mbili. Mbio zilipunguzwa hadi mara mbili kwa wiki, dakika 30, kwa mwendo anaoweza kuongea sentensi nzima. Adhabu ya kuruka ikaondolewa moja kwa moja.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuguswa. Raundi nne za dakika mbili. Mwenzake anasimama umbali wa ngumi na kumgusa kwa glovu paji la uso, bega, glovu, kifua, mara moja kila sekunde mbili. Mhusika harudishi ngumi. Kazi yake ni kutoa pumzi fupi kila anapoguswa, na kuhesabu miguso kwa sauti. Kuhesabu kwa sauti kuna ujanja ndani yake: mtu hawezi kuongea huku amefungia hewa kifuani. Siku ya tatu hesabu ilibadilishwa. Mwenzake alivua glovu ya mkono mmoja akawa anaonyesha vidole usawa wa kiuno, na mhusika alitaja idadi huku akiguswa kwa mkono mwingine. Anayefumba macho na kugeuza kichwa hawezi kuvitaja. Kupepesa kope ni silika na hakuna haja ya kupigana nako. Kinachofunzwa ni jicho lifunguke mara moja na kichwa kibaki mbele.

Hatua ya pili ilimweka mgongo karibu na ukuta, hatua moja tu nyuma yake. Mwenzake anarusha ngumi ya mkono wa mbele tu, kwa robo ya nguvu. Neno robo lazima lipewe maana, la sivyo kila mtu ana robo yake: ni ngumi inayogusa na kurudi, ambayo ikifika kwenye paji la uso kichwa hakirudi nyuma hata kidogo. Mhusika anakinga, anakwepa, na baada ya kila ngumi tatu anarudisha moja. Vidole ndani ya glovu vinafungwa pale ngumi inapokaribia kufika, kisha vinalegezwa.

Hatua ya tatu ilikuwa vipande vya hali. Anaanza akiwa kwenye kamba, mwenzake anamshambulia kwa sekunde 20 kwa theluthi ya nguvu, yeye atafute njia ya kutoka pembeni. Kocha anasimamisha, sekunde 20 za kutembea, wanarudia mara sita. Faida ya kipande kifupi ni kwamba mwili unakutana na tishio na kuona mwisho wake mara nyingi katika siku moja, kuliko kuzama kwenye tishio moja la dakika mbili. Hatua ya nne ndiyo raundi kamili, zamu kwa zamu: raundi moja yeye anashambulia na mwenzake anajihami, ya pili kinyume, ya tatu wote huru kwa nusu ya nguvu.

Kupanda hatua hakukufuata kalenda. Vigezo vilikuwa vitatu: mapigo kabla ya kengele yawe chini ya 110; baada ya raundi yashuke kwa 30 au zaidi ndani ya dakika moja; na akiulizwa swali kwenye sekunde ya 30 ya pumziko aweze kujibu sentensi kamili. Kikikosekana kimoja, anabaki alipo.

Pumziko nalo lilipangwa upya, kwa sababu dakika ile ilikuwa inaharibiwa na kelele za kona. Sekunde 15 za kwanza anahema anavyotaka. Kumlazimisha mtu aliyetoka kwenye raundi apumue taratibu papo hapo ni kumkaba. Kisha anavuta kwa hesabu ya nne na kutoa kwa hesabu ya sita, mara tatu au nne. Kocha anasema jambo moja tu, kati ya sekunde ya 35 na ya 45. Maji ni funda moja. Mikono inaning'inizwa, haiwekwi juu ya kamba.

Palipokwenda kombo

Wiki ya pili mhusika alianza kupata kizunguzungu kwenye hatua ya kuguswa. Alikuwa ameielewa amri ya "toa" kupita kiasi: kila mguso alimwaga hewa yote kwa mshindo na kuvuta nyingine kubwa, mara 30 kwa dakika. Anayepumua kwa wingi kuliko kazi anayoifanya hupunguza kaboni dioksidi kwenye damu, na kichwa kinakuwa chepesi. Pumzi ya ngumi ni kipande tu cha hewa, "ts" fupi kati ya meno. Inayoingia hujileta yenyewe. Ilimchukua siku mbili kurekebisha, na kasi ya miguso ilipunguzwa kwa nusu.

Kosa kubwa zaidi lilitokea wiki ya tano na lilikuwa la jimu. Mwenzake wa kawaida hakuja, akawekwa mwingine ambaye hakuelezwa mpango. Raundi ya pili mhusika alimpata kwa ngumi safi ya mkono wa nyuma, watu wakashangilia pembeni, na yule akajibu kwa nguvu zote mara tatu. Mabega yakapanda, macho yakafumba, sekunde 70 baadaye mikono iko chini. Jumatatu mapigo yake kabla ya kengele yalikuwa 127.

Wapo waliosema hiyo ni ngumi, avumilie. Hoja hiyo inachanganya mambo mawili. Pambano ni mtihani, sparingi ni darasa, na anayefanya mtihani kila Jumamosi hapati nafasi ya kujifunza. Kano Jigoro, mwanzilishi wa judo, alilielewa hili alipoanzisha shule yake, Kodokan, mjini Tokyo mwaka 1882. Aliziondoa mbinu za hatari kwenye mazoezi huru ya judo na kuziacha kwenye mazoezi yaliyopangwa, ili wanafunzi waweze kupambana kwa bidii leo, kesho na keshokutwa bila kuvunjana. Ngumi haina njia ya kuitoa hatari yote namna hiyo kwa sababu kichwa ndicho shabaha. Kinachobaki mkononi mwa kocha ni nguvu, muda na nani anapambana na nani.

Kofia ya kinga isimpe kocha jeuri. Inapunguza michaniko na uvimbe, lakini haiuzuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu. Wanaume wa ridhaa waliivua kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, baada ya kuivaa kwenye michezo hiyo tangu 1984, na mjadala wake haujaisha. Ila hakuna upande unaodai kwamba kofia inahalalisha kupigana kwa nguvu zote kila wiki.

Baada ya tukio lile mhusika alirudishwa hatua moja nyuma kwa vipindi viwili. Jimu ikaweka kanuni tatu: mwenzake anaelezwa kiwango cha nguvu mbele ya wote wawili, neno "shusha" la kocha linamaanisha rudi robo papo hapo, na anayelipuuza mara ya pili anatoka ulingoni, na kushangilia wakati wa sparingi ni marufuku. Hii ya mwisho ilipingwa kuliko zote.

Alipofikia

Wiki ya tisa alimaliza raundi tatu huru za dakika mbili na mtu wa uzito wake, kwa nusu ya nguvu. Ngumi 44 kwa dakika, mapigo ya juu 174, kabla ya kengele 104. Mikono ilishuka mara moja, mwishoni mwa raundi ya tatu, naye akaipandisha bila kukumbushwa. Kwa upande wa pumzi ya mbio hakuongezeka chochote: kilomita 5 bado ni dakika 23.

Mawili yamebaki. Akipambana na anayetumia mkono wa kushoto nyuma, mabega yanapanda tena, kwa sababu ngumi zinakuja kutoka pembe asizozijua. Kwa mpinzani wa namna hiyo mhusika anahitaji hatua ya pili na ya tatu upya, wiki mbili hivi. La pili ni ombi lake la kuingia mashindano ya ridhaa, ambako wakubwa hupigana raundi tatu za dakika tatu. Kocha amemjibu kwamba jina lake halitaandikwa mpaka afanye raundi hizo za dakika tatu mara mbili na watu wawili tofauti, kwa robo tatu ya nguvu, huku vigezo vile vitatu vikitimia. Mpaka hapo sparingi yenye uzito ni moja kila wiki mbili, na Jumamosi inayobaki ni ya vipande vya sekunde 20.